Siku moja mezani pa mhasibu wa shule ya kutwa

Saa moja asubuhi. Kazi ya mhasibu wa sekondari ya kutwa nchini Kenya huanzia stoo. Tuchukue shule ya wanafunzi 400. Mpango wa chakula shuleni humpimia mtoto wa msingi gramu 150 za nafaka, 40 za maharagwe na 5 za mafuta. Kwa kipimo hicho, githeri ya mchana mmoja ni kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharagwe, na vijana wa sekondari wanataka zaidi. Gunia la kilo 90 halifiki siku mbili. Chakula hiki hulipiwa na wazazi, hakimo katika fedha za serikali. Ndiyo maana serikali ikipunguza mgao na shule ikamwomba mzazi achangie tokeni za umeme, pesa za githeri ndizo hupungua kwanza.

Saa tatu. Taarifa ya benki. Hapa ndipo siku nzima huamuliwa.

Tangu 2018 kiwango kilichotangazwa cha mgao wa serikali ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, muhula wa kwanza asilimia 50, wa pili 30, wa tatu 20. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu kiwango hicho, na kinachotolewa ni takriban 16,900. Kwa shule yetu ya mfano, pengo ni shilingi 2,137,600 kwa mwaka. Hakuna shule iliyoandikiwa barua kwamba imekatwa. Fedha huja pungufu, au huja wiki kadhaa baada ya shule kufunguliwa, na bajeti ya mwaka inabaki kabatini ikiwa na hesabu za 22,244.

Fedha zenyewe zina mipaka. Akaunti ya masomo ni ya vitabu, chaki na kemikali, ile ya uendeshaji ni ya mishahara, umeme na maji. Ya kwanza ikiwa na salio na ya pili ikiwa tupu, mlinzi hawezi kulipwa kwa pesa za vitabu. Mkaguzi ataandika hoja, na atakuwa na haki.

Saa tano. Orodha ya wanafunzi kwenye mfumo wa serikali wa usajili. Mwanafunzi ambaye hajasajiliwa, mara nyingi kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, hana mgao. Anakaa darasani kama wenzake na anafundishwa kwa pesa za wenzake. Ni afadhali kuwafuata wazazi hawa mapema, mwanzoni mwa muhula, kuliko kungoja siku ya mwisho mfumo ukizidiwa.

Saa saba. Mishahara ya walimu walioajiriwa na bodi ya shule, wapishi na walinzi. Anayelipwa 15,000 hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, yaani 412.50, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, 225. Shule huongeza 225 nyingine kama mwajiri. Mwisho wa kuwasilisha SHIF ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na wa ushuru wa nyumba ni siku ya tisa ya kazi baada ya mwezi kwisha; ushuru huo ukichelewa hutozwa asilimia 3 kwa mwezi. Serikali ikichelewa kuilipa shule, haitozwi chochote. Jambo hili linaniudhi na sitaacha kulisema.

Saa nane. Wauzaji. Anayelipwa baada ya miezi minne huweka gharama ya kungoja ndani ya bei. Karatasi zilezile na gesi ileile ya maabara shule huzinunua ghali kuliko anayelipa taslimu. Hapo mkato haujaokoa kitu.

Maabara nayo huumia kimyakimya. Zoezi la kupima asidi na besi hula kama mililita 100 za kila myeyusho kwa mtahiniwa, hivyo watahiniwa 40 wanahitaji lita nne nne. Pesa zikikosekana, watano wanashika bureti moja mwaka mzima, kisha kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kila mmoja anaambiwa aishike peke yake.

Saa kumi. Wazazi wanaotafuta basari. Mswada wa Fedha wa 2024, uliolenga kukusanya takriban bilioni 346, ulipoondolewa baada ya maandamano ya Juni, serikali iligeukia kukata matumizi na kukopa. Deni la taifa, kwa Kifungu cha 214 cha Katiba, hutozwa moja kwa moja kwenye Mfuko wa Jumla, yaani hazina kuu ya serikali, halisubiri mtu. Mgao wa shule unasubiri. Wakati huohuo wabunge wana basari za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, na magavana wana zao, na mtoto ambaye Kifungu cha 53 kinampa elimu ya bure anapanga foleni kujaza fomu ya msaada wenye picha ya mwanasiasa. Kiasi kilekile kingepitia akaunti ya shule, kisingehitaji fomu wala shukrani.

Saa kumi na moja na nusu. Mpango wa malipo ya kesho: makato ya kisheria kwanza, mishahara ya wa chini, umeme, kisha muuzaji aliyengoja zaidi. Bunge linapopitisha mgao lipitishe na tarehe ya kuutuma, na riba kwa kila wiki ya kuchelewa, kama tunavyotozwa sisi.