Nilikwenda Kalenga kutafuta ukuta

Mimi ni fundi mwashi, nakaa Mafinga, na siwezi kuingia nyumba ya mtu bila kutupia jicho kona zake kama zimesimama wima. Mke wangu alishachoka kunikanya. Mpwa wangu wa kidato cha pili alipopewa kazi ya shule kuhusu miji ya kale na kuniomba nimtoe kidogo akaone chochote, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Wenzake karibu wote wameandika habari za Kilwa, na karibu wote wamenakili kitabuni. Nikamwambia Kilwa ni safari ya nauli nzito, lakini makao makuu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, yako hapa hapa Uhehe, pale Kalenga.

Tulianzia Iringa mjini, kwenye Boma la zamani la Wajerumani ambalo tangu 2016 limekuwa makumbusho. Kijana akatoa daftari.

"Mjomba, huu ndio mji wa kale?"

"Huu ni mpya."

Akadhani natania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Wajerumani waliivunja Kalenga mwaka 1894, na mwaka 1896 ofisa wao Tom von Prince akaanzisha kituo huku juu ya kilima. Kwenye maandishi yao Kalenga ikawa Iringa ya Zamani na hapa pakawa Iringa Mpya. Baadaye neno "mpya" likaachwa, jina likabaki huku juu, na wenye jina lao wakabaki kule bondeni.

Boma lenyewe nililipenda, siwezi kusema uongo. Kuta nene kiasi kwamba ukiweka kiwiko kwenye ukingo wa dirisha, vidole havifiki nje. Ndani ni baridi tulivu, si ile ya Julai inayopenya kwenye tofali za siku hizi za inchi sita. Vitu vilivyomo vimepangwa vizuri, na mpwa wangu alikaa sana kwenye zana za mawe za Isimila, yale mashoka ya zama za kale yaliyotoka korongoni nje kidogo ya mji, ukiielekea barabara ya Mbeya. Mimi nilikaa sana kwenye fremu ya mlango.

Hapa niseme jambo moja kwa mafundi wenzangu. Kuna jengo jingine la zamani pale mjini, silitaji, limepigwa lipu ya saruji juu ya ukuta wa zamani wenye udongo na chokaa. Wamepaka na rangi ya mafuta juu yake. Matokeo yake lipu imetuna kama andazi, ukigonga inalia tupu, na chini imeanza kubanduka vipande vizima. Ukuta wa namna ile unanyonya unyevu ardhini na kuutoa taratibu kwa nje. Ukiuziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea, yanakusanyika ndani na kuulainisha. Jengo la zamani lipigwe lipu ya chokaa, hata kama kazi inachelewa kukauka na bosi anakupigia simu kila saa. Basi, nimesema.

Kalenga ni kama kilometa kumi na tano kutoka mjini, kwenye barabara inayokwenda Hifadhi ya Ruaha. Daladala ilijaa magunia na akina mama waliokuwa wakirudi sokoni, mmoja amepakata vikapu vya milulu vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine. Njiani matanuru ya tofali yalikuwa yanafuka moshi. Nilifurahi kuyaona, maana yanaonyesha udongo ni mzuri.

Tuliposhuka, kijana alisimama akazungusha macho. Mahindi, migomba, nyumba za tofali za kuchoma, mbuzi wawili.

"Ukuta uko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kitabu chake kinasema ngome, na ngome kwake ni kitu kama zile picha za Kilwa, mawe ya matumbawe yaliyosimama mamia ya miaka. Hapa mtu anayekuja bila kuambiwa anaweza kuuvuka mji mzima wa Mkwawa huku anatafuta pa kununulia soda.

Nikachukua udongo kando ya njia, nikautia maji ya chupa, nikausokota kwenye viganja mpaka ukawa uzi mwembamba kama penseli. Nikaukunja. Haukukatika. Nikamwambia: huu una mfinyanzi mwingi, unashika vizuri sana, lakini bila majani makavu au mchanga ukikauka unapasuka. Aliyejenga kwa udongo wa namna hii alijua anachofanya. Shida ya ukuta wa udongo si nguvu. Maadui zake ni wawili, maji yanayoushukia kutoka juu na maji yanayorukia miguuni mwake. Juu unahitaji kofia ya nyasi, chini unahitaji kusimama juu ya mawe, na kila mwaka baada ya masika lazima watu waukandike upya. Siku wakikosekana watu hao, hauhitaji mzinga kuumaliza.

Na mizinga nayo ilikuja. Tarehe 30 Oktoba 1894, kikosi cha gavana wa Wajerumani, Friedrich von Schele, kilivamia baada ya kuupiga mji. Walikuwa na deni la kulipiza: Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe walikuwa wamekiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akafia pale. Mkwawa akaponyoka Kalenga akaendelea kupigana porini karibu miaka minne. Waliokuwa wanaukandika ukuta nao wakatawanyika.

Makumbusho ya Kalenga ni madogo. Mzee aliyetupokea tulimwamkia "kamwene", akaitikia, kisha akatuacha tusimame kimya mbele ya fuvu la Mkwawa. Sikupiga picha. Mpwa wangu alitoa simu, nikamtazama, akairudisha mfukoni.

Safari ya fuvu hilo inachosha hata kuisimulia. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi ili asikamatwe hai. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919 kikaandikwa kwenye Mkataba wa Versailles, ule wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, kwamba kirudishwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikageuka miaka thelathini na mitano. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu kama 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Wajerumani. Yakalinganishwa na vipimo vya vichwa vya ndugu za Mkwawa, likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Likakabidhiwa hapa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Mafuvu mengine themanini na matatu, mpwa wangu akauliza, yalikuwa ya nani? Nilimwambia aliandike hilo swali kwenye daftari lake, mwalimu asipolijibu si kosa la mwanafunzi.

Tulipotoka nje nikamweleza mzee wazo langu. Ujengwe ukuta, si wote, hatua thelathini tu, kwa udongo wa hapa hapa, uwe na msingi wa mawe na kofia ya nyasi, ili mtoto akisimama chini yake aelewe maana ya neno ngome. Mpwa wangu akapinga papo hapo: huo utakuwa ukuta wa mjomba, si wa Mkwawa. Mzee akacheka. Kisha akauliza swali ambalo fundi hupenda kulikwepa:

"Sawa, baba. Masika yakiisha, nani ataukandika?"

Nikasema vijana wa shule, kila mwaka, wiki moja baada ya mvua, na mafundi wa kuwaelekeza hawakosekani. Kijana bado anasema ni ukuta wa uongo, na kwenye kazi yake ya shule ameandika hivyo, akanitaja kama "fundi mmoja". Mimi sijabadili msimamo. Anayehusika na mambo haya akisoma hapa, mawe na nyasi vikipatikana, wiki yangu moja ya kazi ni bure, mwiko wangu naja nao.