Magome ya mjafari, wiki ya sita: ile pete haikuwa ya mjafari

Haya jamani, leo naanza kwa kujisahihisha. Wiki iliyopita niliandika kwamba kidiski cha karatasi chenye dawa ya magome ya mjafari, ule mti wa dawa, kimefukuza hamira na kuacha pete safi isiyoota kitu, upana milimita 14, kwenye sahani ya agari (rojo la kuoteshea vijidudu), nikafurahi mpaka nikampigia bibi simu usiku ule ule. Jumamosi nimerudia ila safari hii nikaweka na kidiski cha spiriti tupu, ile ile niliyolowekea magome, kesho yake nafungua nakuta spiriti tupu nayo imeacha pete, milimita 10! Kumbe nilikuwa naweka vidiski vikiwa bado vibichi, na spiriti inaua hamira yenyewe bila msaada wa mti wowote.

Iliniuma kweli. Basi nikarudia yote, vidiski nikaviacha vikauke usiku kucha kwenye sahani iliyofunikwa, ndo nikapanga. Spiriti tupu haina kitu, hamira imeota mpaka ukingoni mwa karatasi. Mjafari sahani tatu: 9, 9, 8, na kumbuka karatasi yenyewe ni 6. Nistatini, dawa ya fangasi ya duka la dawa, imetoa 17. Kwa hiyo kitu kipo, kidogo, lakini sasa naweza kukisimamia.

Maji niliyochemsha magome kama anavyochemsha bibi hayajatoa pete kabisa. Hapo msikimbilie kusema bibi kakosea, yeye anayatumia kwa homa, na mzizi anautafuna jino likiuma, mimi nimepima hamira tu. Ila namna ya kutoa dawa kwenye mmea ni jambo kubwa, mwanasayansi Tu Youyou kule China alihangaika na mmea wa pakanga ya Kichina mpaka alipoacha joto kali akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, ndo artemisinini, dawa ya malaria, ikatoka nzima, na 2015 akapewa Nobel.

Kwenye kemia, tone la Dragendorff (kemikali ya kupimia) kwenye ile spiriti iliyolowekewa magome limetoa machicha ya rangi ya chungwa palepale, dalili ya alkaloidi, yaani kemikali za mimea zenye nguvu mwilini, na mjafari unajulikana kuwa na mojawapo, kelerithrini. Halafu nikachovya humo ncha ya karatasi ya kuchujia, rangi ikapanda taratibu, nikazima taa nikamulika kwa ile tochi ya kukagulia noti: mstari wa njano unawaka kama kiini cha yai. Nimeukodolea macho sijui dakika ngapi.

Walioniuliza kama wanaweza kunywa, tafadhali msinywe, milimita 3 kwenye hamira hazisemi chochote kuhusu ini lako.

Magome yamebaki gramu 40 hivi. Sitabandua tena shinani, ukizungusha kisu mti mzima unakufa, nitaomba tawi la pembeni. Wiki ijayo majani, na kidiski cha spiriti tupu kila sahani.