Tezi na omo, mpaka Glacier Bay

Mama alivua viatu mlangoni mwa kabini, akatazama kuta nne zisizo na dirisha, akauliza kibla ni wapi.

Nilitoa simu, nikafungua dira. Mshale ukazunguka kama pia, maana meli ni chuma tupu. Mke wangu akawasha televisheni, ambako kuna chaneli inayoonyesha ramani usiku na mchana, na sisi tukiwa doa dogo jekundu juu yake. Nikapiga hesabu. Ukikata njia fupi ya kuizunguka dunia, kutoka Seattle kwenda Makka unaelekea kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo; ukifika Juneau, Alaska, ni kaskazini karibu kabisa. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Si kama Tanga tu?"

Ndivyo. Tanga na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja, ndiyo maana wazee wa pwani wakisema kibla wanakusudia kaskazini, na suheli ni kusini. Tukakubaliana: meli ikipanda, kibla ni omo, mbele ya meli; ikishuka, kibla ni tezi, nyuma yake. Omo ilikuwa upande wa kitanda cha juu alicholala kitindamimba wetu wa miaka sita, ambaye Mama humwita "mume wangu", na kila alfajiri mguu wa mume huyo ulining'inia mbele ya msala.

Tunaishi Kent, kusini mwa Seattle. Mimi napanga mizigo ghalani zamu ya usiku, mke wangu ni mtu wa Mombasa, anahudumia wazee majumbani. Mama alikuja kututembelea mwezi wa tano. Ni mzaliwa wa Kigombe, baba yake alivua kwa ngalawa, na wiki ya pili tu akaanza kuulizia bahari. Nikampeleka ufukwe wa Alki. Akainama, akatia mkono majini, akautoa upesi. "Hii si bahari, mwanangu. Hili ni friji." Mke wangu ndiye aliyesema, kama hili ni friji basi twende tukaione friza. Upatu ulikuwa umemfikia (yeye huuita chama, tumeshaacha kubishana), na kabini za ndani, zile zisizo na dirisha, zilikuwa zimeshuka bei. Tukachukua mbili zinazotazamana. Siku saba mwezi wa saba, Seattle hadi Alaska na kurudi.

Hapa niseme neno kwa wenzangu wanaoleta wazazi. Wakala aliyetukatia tiketi alituambia Mama hahitaji kitu zaidi ya viza yake ya Marekani. Si kweli. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1886 ya usafiri wa abiria, na kwa sababu yake meli yenye bendera ya nje, nazo karibu zote hizi zina bendera za nje, ikitoka Seattle na kurudi Seattle ni lazima iguse bandari ya nchi nyingine. Ndiyo maana jioni ya mwisho meli hutia nanga Victoria, Kanada, kwa saa chache. Wenye kadi ya kijani tunapita na kadi na pasipoti zetu. Mwenye pasipoti ya Tanzania aliyekuja matembezi anahitaji viza ya Kanada, hata kama hana nia ya kushuka. Na ile ya Marekani ni afadhali iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana ukitoka Victoria unaingia upya. Tuligundua zikiwa zimebaki wiki saba. Mama akaenda kutoa alama za vidole, pasipoti ikaondoka kwa posta, mimi nikawa silali. Ilirudi siku tisa kabla ya safari. Wakala akatutumia ujumbe wa kututakia safari njema.

Siku ya kwanza meli ilitoka nje ya kisiwa cha Vancouver, kwenye Pasifiki yenyewe. Nilidhani mji wa ghorofa kumi na kitu hauwezi kuyumba. Mchana mimi na mke wangu tulikuwa chali, ndoo katikati yetu, binti yetu mkubwa akitupiga picha. Mama alikula supu, akala samaki, akarudi na tangawizi na malimau aliyoyaomba jikoni kwa ishara za mikono. "Usiyafumbe macho. Tazama mbali." Mbali wapi, na chumba hakina dirisha? Akanishika mkono akanipandisha juu. Watu walijazana upande wa joshi wakipigwa na upepo usoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na viti. Mama akatuhamishia demani, upande uliokingwa na upepo, akanikalisha chini ya boti la uokoaji, na baada ya nusu saa nikaweza kula biskuti.

Siku iliyofuata tuliingia kati ya visiwa na mawimbi yakafa. Maji yakawa kama yamepigwa pasi, misonobari hadi kwenye mstari wa maji, mawingu yamekaa mabegani mwa milima. Sisi tulifurahi. Mama hakupenda. Bahari isiyovunja popote, alisema, inakuficha kitu. Alitulia alipoona mstari mweusi kwenye majabali, unaoonyesha maji yanafika wapi yakijaa. Akaukadiria kwa macho, akaniuliza kama ni bamvua, yale maji makubwa kabisa ya kujaa na kupwa. Kwetu tumezoea mita tatu au nne kati ya kujaa na kupwa. Juneau bamvua hupita mita sita. Toka hapo kila bandari alianzia kwenye nguzo za gati, kabla ya maduka.

Juneau ni mji mkuu wa jimbo usio na barabara ya kuufikia. Unakuja kwa maji au kwa ndege. Tulipanda boti ndogo kwenda kutazama nyangumi, wale wenye nundu. Kwanza unaona mvuke umesimama juu ya maji, kisha mgongo, kisha mkia unainuka taratibu na kuzama bila kurusha tone. Kijana wa boti akaeleza kwamba wengi wao hukaa Hawaii majira ya baridi, huko huzaa na hawali karibu chochote, halafu huja hapa kula. Nikamtafsiria Mama, nikaongeza kwamba na sisi tunao wa jamaa hiyo: kati ya Julai na Oktoba hupita pwani ya Watamu na Unguja wakitoka upande wa Antaktika, wanakuja kuzaa.

"Kumbe kwetu ni uzazini," Mama akasema. "Wanarudi kwa mama zao."

Mke wangu akageuza uso upande wa pili. Wetu watatu wote wamezaliwa hospitali ya hapa Washington, na mara zote tatu mama yake alinyimwa viza. Mama akamsogelea akampa glavu moja, yeye akabaki na moja, wakakaa hivyo mpaka boti ikarudi.

Skagway nitaipita haraka. Reli nyembamba iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 kwa ajili ya wachimba dhahabu, inapanda hadi mpakani kwenye mita 873 hivi, nzuri sana, ghali sana. Watoto walilala njiani.

Jambo lililomshinda Mama kabisa ni usiku. Jua lilizama karibu saa nne, na likichomoza saa kumi alfajiri mbingu ilikuwa haijawahi kuwa nyeusi. Isha inaingia saa ngapi kama giza haliji? Kabla ya safari sheikh wa msikitini kwetu alimwambia ajumuishe Magharibi na Isha kama msafiri, asijitese. Alijumuisha, lakini bado alitoka koridoni na kanga juu ya koti la manyoya kwenda kuhakikisha. Huko ndiko alikofahamiana na mhudumu wa meza yetu, kijana wa Indonesia aliyemtolea salamu ya Kiislamu, na kuanzia siku hiyo hatukuuliza tena nyama ipi tule. Alikuwa akitikisa kichwa kabla hatujanyoosha mkono. Bakshishi walitukata kwa kichwa kwa siku, hata kichwa cha miaka sita, lakini kijana yule nilimpa yake mkononi.

Glacier Bay tuliingia asubuhi. Ni hifadhi ya taifa, na meli kubwa zinazoruhusiwa ni mbili tu kwa siku. Askari wa hifadhi walikuja na boti ndogo, wakapanda kwa ngazi ya kamba meli ikiwa inatembea. Mmoja akashika kipaza sauti. Mwaka 1794, wakati msafara wa nahodha George Vancouver ulipopita, ghuba hii haikuwepo. Ilikuwa barafu mpaka karibu na mdomo. Watlingit wa Huna, wenyeji wa asili wa huku, walikuwa na makazi yao mle kabla barafu haijasonga mbele na kuwafukuza. Kisha ikaanza kurudi nyuma, na leo meli inasafiri kama kilomita mia moja mahali palipokuwa pamejaa barafu. Maji yalibadilika rangi njiani, yakawa kama maji ya kuoshea mchele. Ni unga wa mawe yanayosagwa na barafu.

Mwisho wa ghuba ukasimama mto wa barafu uitwao Margerie. Upana wake ni kama kilomita moja na nusu, na kimo kutoka usawa wa maji mita sabini na tano hivi. Nilitegemea nyeupe. Ni buluu, buluu ya chupa ya dawa, kwa sababu barafu iliyoshindiliwa miaka mingi humeza wekundu wa mwanga. Meli ikazima mwendo. Watu elfu mbili na zaidi wakanyamaza. Ukisikiliza inapasuka ndani, mipasuko mikavu kama kuni mbichi motoni, lakini hakianguki kitu.

Tulisubiri saa nzima. Kipimo kilionyesha nyuzi nane, na upepo ulioteremka juu ya barafu ulikuwa na baridi yake. Kikaanguka kipande kama gunia, watu wakapiga makofi. Meli ikajigeuza polepole ili kila upande uone. Binti zangu wakasema wana njaa, mke wangu hakuzisikia tena pua zake, mimi nikasema tule mara moja turudi. Mama akasema nendeni. Akamfunika mume wake ndani ya kanga, wakabaki.

Nilikuwa kwenye foleni ya tambi. Kwanza niliona watu wa dirishani wamesimama, halafu sahani zikatetema kidogo. Nilipofika juu kulikuwa na wimbi pana linakuja kwetu bila haraka na vipande vya barafu vikichezacheza, na pale ukutani pana pengo jipya, buluu kuliko kote. Mama alikuwa ameketi vilevile.

"Mmeona?"

"Tumeona."

"Ilikuwaje?"

"Kale tambi zako, baba, zitapoa." Mtoto naye akasema Bibi amemwambia ni siri ya mtu na mkewe.

Ketchikan ilinyesha, kama inavyonyesha siku nyingi za mwaka. Samoni walikuwa wanapanda kijito katikati ya mji, na Mama alionja wa kubanikwa, akakiri kwamba wanajua moshi, ila chumvi wameogopa.

Jioni ya mwisho tukafika Victoria saa mbili usiku. Nilikuwa nimevaa, folda mkononi, pasipoti ya Mama ndani yake na ile viza iliyonikondesha. Nikagonga mlango wa pili.

"Mimi nishalala," akajibu. "Nendeni mkaione hiyo Kanada, mtanihadithia."

Hakuwa amelala. Simu ilikuwa imepata mtandao, na alikuwa anamrekodia mama mdogo wa Tanga. Nikasimama koridoni na folda yangu.

"...kama ukuta wa boma umechoka. Umeinama, dada, umeingia majini, na kimya! Hamna sauti. Nikasema nimekuwa kiziwi. Ndipo sauti ikafika, jambo lenyewe lishakwisha. Mtoto akanishika hivi..." Akanyamaza kidogo. "Na aisikrimu ni bure, usiku kucha. Wanakula mpaka watu wazima."