Ndoo Tupu Kilosa

Treni haiendi mbele. Tangazo lenyewe lilikuwa fupi: maji yamekula tuta huko mbele ya Munisagara, abiria wote mshuke na mizigo yenu, nauli mtarudishiwa. Lini, na nani, hilo hatukuambiwa. Behewa letu la daraja la tatu liliguna kwa pamoja, halafu watu wakaanza kushusha: magunia, mabegi ya shangazi kaja, kuku waliofungwa miguu, na mimi na ndoo zangu.

Ndoo ndizo zilizonipandisha treni hii. Ofisini waliniuliza kwa nini nisichukue treni ya umeme mpaka Dodoma, nilale, kesho yake nipande basi la Tabora. Swali zuri kwa mtu mwenye begi la mgongoni. Mimi nilikuwa na ndoo tupu za lita 20, zimechomekwa moja ndani ya nyingine mafungu kwa mafungu, za vikundi vya wafuga nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora. Asali ikizidi unyevu wa asilimia 20 mnunuzi wa nje huikataa, na kazi yangu ni kuipima kabla haijafungwa. Ndoo zisipofika safi, kipimo hakina maana. Sasa mpelekee konda wa basi ndoo tupu uone atakavyokutoza: hazina uzito, lakini zinakula buti zima. Treni ya zamani ina behewa la vifurushi, unalipa, unaandikiwa stakabadhi, yameisha.

Kilosa hapakuwa na mvua. Jua kali, vumbi limeshatanda kwenye mwembe wa stesheni. Hilo ndilo lililowakasirisha abiria: mafuriko gani haya na anga liko hivi? Mzee mmoja aliyekuwa akiuza karanga, ambaye enzi zake alifanya kazi gengi la reli, alicheka.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, "hii mvua iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mvua ya hapa haina neno. Sisi tulikuwa tunaogopa mvua ya Dodoma."

Akanieleza huku akifunga karanga kwenye karatasi. Maji ya nyanda za Dodoma na Mpwapwa hukusanywa na mto Kinyasungwe, unashuka nayo Gulwe, Godegode, Kidete, na ukifika huku tunauita Mkondoa, kabla haujaenda kuungana na Wami. Kwa hiyo mvua inanyesha Ugogoni leo, na wewe wa Kilosa unaamka umezungukwa na maji. Zamani mto ulikuwa na kina, akasema. Sasa milima imelimwa hadi kileleni, mchanga umejaa mtoni, maji hayana pa kukaa ila kwenye reli.

Na reli iko hapo hapo mtoni. Wajerumani walioanza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914 hawakuwa na ujanja mwingine: treni haipandi mlima, na bonde la Mkondoa ndilo lililokata milima kuelekea bara. Misafara ya pembe ilishapita humo kabla yao. Tangu hapo, kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinabomoka na kujengwa, kinabomoka na kujengwa. Mwisho wa 2009 na kuingia 2010 kilikatika vibaya, mji wa Kilosa ukajaa mahema ya walioachwa bila nyumba, na kwa miezi abiria wa bara wakawa wanaanzia safari Dodoma.

Kijana mmoja wa matengenezo alituonyesha picha kwenye simu yake. Kokoto zote zimekwenda, udongo umekwenda, reli zimebaki zinaning'inia na mataruma yake ya chuma kama ngazi ya kamba iliyotupwa juu ya korongo. Chini maji rangi ya chai ya maziwa. Nilimwomba airudishe, niitazame tena. Vile vyuma havikukatika hata kimoja. Kilichoshindwa ni ardhi iliyovishikilia.

Jioni treni ya umeme ilipita kwenye njia yake mpya, ikielekea Dodoma. Ile ilitobolewa mahandaki manne katika milima hii hii. Watoto wakaipungia. Mama mmoja wa Kigoma, aliyekuwa amelaza wanawe juu ya khanga, hata hakuinua kichwa. "Hiyo ikifika kwetu ndiyo niipungie," alisema. Nikamwelewa. Uvinza, Kaliua, Urambo, Tabora, wote hao bado wanaitegemea hii ya zamani, na Mkondoa ukichafuka wanaolala chini stesheni ni wao, pamoja na mafuta ya kupikia na simenti yao iliyokwama nyuma.

Asubuhi tukachangishana, tukakodi Fuso. Rudewa, Dumila, kisha lami ya Gairo na Kibaigwa, mama wa Kigoma na wanawe mbele kwa dereva, sisi nyuma na ndoo, ambazo angalau zilifaa kukalia. Tatu zimepasuka, na moja namjua aliyeipasua, bonge la mtu, lakini mzaha wake ulitufikisha Dodoma tukiwa hai.

Katibu wa kikundi nilimpigia nikiwa Kibaigwa kumwomba radhi. "Usijali baba," akasema, "asali haiozi. Ila wenzio wa kampuni nyingine wameshafika tangu juzi, wanapima kwa macho na wanalipa taslimu." Nikawa sina la kusema.

Sasa niko Dodoma nasubiri basi la Tabora, na mhasibu ameshanitumia ujumbe kuhusu marejesho ya masurufu. Anataka risiti ya Fuso. Dereva yule, nilipomwomba risiti, aliniuliza kama nataka na keki.