Shemeji kaambiwa atoe shati wadini

Niko kwa mat hapa Ngara, jam imesimama kabisa, wacha niwapee hii.

Dadangu kajifungua leo asubuhi kwa upasuaji. Msichana, mzima, asante Mungu. Lakini mama mwenyewe alikuwa bado anatetemeka na ile ganzi, hawezi shika mtoto, na kamtoto kanalia mpaka wadi nzima inageuka.

Nesi mmoja mama wa makamo hivi akamwangalia shemeji. "Baba, toa shati."

Shemeji na suti yake ya ofisi. Na mamangu amekaa hapo kando, mama mkwe jameni! Mathe akageukia dirisha haraka kama mtu ameitwa huko nje 😂

Akawekewa mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Kelele ikakatika. Jamaa akawa anapumua polepole, mdomo wazi, jasho kwa paji, hataki hata kujikuna.

Nesi akatuambia mguso kama huo unaamsha homoni ya oksitosini, hata kwa baba. Kwa mama ndiyo inasukuma maziwa na kukaza mji wa uzazi ili asivuje damu sana, na kweli baadaye dadangu alipoanza kunyonyesha alinifinya mkono, tumbo linamkaza, nesi akasema ni mji unarudi.

Sasa wababa wa hapa, nani ashawahi toa shati wadini? Na wamama wa upasuaji, nyinyi mliwekewa mtoto kifuani saa hiyo hiyo ama mlingoja?