Bukoba tunakunywa mitaro yetu wenyewe

Kila mvua ikipiga Bukoba maneno ni yaleyale, mitaro imeziba, manispaa waje wazibue, waongeze mingine, basi. Sipingi, mtaro uliojaa chupa na mchanga lazima uzibuliwe. Ila hakuna anayeuliza hayo maji yakishatoka mlangoni kwake yanaenda wapi. Yanaenda mto Kanoni, Kanoni inaingia ziwani, na ziwani ndo tunakovuta maji ya kunywa. Yaani Ziwa Victoria ndo simtanki letu la mji mzima, alafu kila mtaa umechomeka bomba la uchafu humohumo.

Kwa asiyeijua Bukoba, mji uko chini, vilima vimeuzunguka, mto Kanoni unakatiza katikati kwenda ziwani. Mvua hapa ni wastani wa milimita 2,000 hivi kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar, na Aprili ndo usiseme. Zamani maji yakishuka kilimani yalikuwa yanakutana na kibanja, migomba imesongamana, nyasi zimetandazwa chini, mengine yanazama hapohapo na yanayobaki yanashuka taratibu mpaka kwenye mafunjo, tope linatua, ziwani yanaingia yakiwa na nafuu. Sasa hivi kibanja kimekatwa viwanja, kila kiwanja kina bati, uwanja umepigwa pevingi mpaka getini na migomba imebaki mitatu ya kuonyesha wageni kwamba sisi ni Wahaya. Maji hayana pa kuzama, yanakimbia tu, kwahiyo mvua ileile waliyokuwa wanaipata wazee wetu leo inatuletea mafuriko.

Mei 2024 watu wa mitaa ya Omukigusha na Hamugembe waliliona hilo bila kuhadithiwa. Na mwaka ule ziwa lenyewe lilikuwa limejaa kupita kawaida, mto ukifika mdomoni unakuta maji yamepanda, haushuki vizuri, unarudi kwenye vyumba vya watu. Hapo hata uwe na mtaro wa upana gani, hausaidii sana.

Lakini mafuriko angalau tunayaona na tunayapiga picha. Kinachonisumbua mimi ni uchafu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndo mbaya kuliko zote, zile dakika za mwanzo zinabeba kila kitu kilicholala barabarani kwa wiki nzima, oili ya gereji, vumbi, kinyesi cha mbuzi na ng'ombe, maganda ya sokoni, mbolea, chupa za maji (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, chupa ziliachwa zitambe). Alafu kuna lile tusilopenda kulisema, kutapisha vyoo. Waitu tusidanganyane, wapo wanaosubiri mvua kubwa ya usiku wanatoboa shimo linatiririka na maji ya mvua. Sehemu za bondeni maji ya ardhini yako karibu, shimo linajaa haraka, gari la kunyonya ni hela na hata ukiwa na hela halipiti kwenye kinjia chako. Naelewa kabisa mtu anafikaje hapo, kumtoza faini bila kumletea njia nyingine ya kunyonya choo ni kumfundisha atapishe saa nane badala ya saa nne. Ila kipindupindu hakiulizi sababu.

Mtu ataniambia maji ya bomba si yanawekwa dawa. Ndio yanawekwa, lakini klorini kwenye maji ya tope inapata shida, nguvu yake inaishia kwenye uchafu kabla haijafika kwa vijidudu, na vingine vinajificha ndani ya vipande vya tope. Ndo maana tope lazima litulizwe na kuchujwa kwanza, na likizidi gharama zinazidi, anayelipa unamjua. Na ile mbolea na kinyesi vikifika ziwani ndo chakula cha mwani na magugu maji, alafu tunashangaa mwambao umekuwa kijani.

Kwahiyo nikisikia mtaro wa zege unajengwa sishangilii haraka. Zege lililonyooka linaondoa maji upesi, hiyo ndo kazi yake, wa juu anapona na wa chini anapokea kwa kasi mara mbili, na tope halipati pa kutua. Mimi ningetaka kabla mtaro haujaingia Kanoni kuwe na kibwawa cha kutuliza mchanga, na awepo mtu anayelipwa kukichimbua, maana bila huyo mtu kibwawa kinajaa na kugeuka kiwanja cha mpira. Na mafunjo yaliyobaki yasiguswe. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa hakuna shughuli za kudumu, lakini sisi tumejenga mpaka dirishani kwa mto. Sisemi watu wabomolewe kesho, wengine walinunua kwa karatasi zenye mihuri yote. Ila pale palipo wazi paachwe wazi, si gumu hilo.

Na sisi wa mlimani tusijifiche. Piga hesabu, bati la mita 10 kwa 10 ni mita za mraba 100, milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwahiyo mvua ya milimita 50 inakupa lita 5,000, simtanki limejaa kwa mvua moja. Nyumba elfu moja zikikinga hivyo ni lita milioni tano ambazo siku hiyo hazikwenda kumtembelea mtu Omukigusha. Zile dakika za kwanza mwaga tu, zina vumbi na kinyesi cha ndege, alafu ndo ukinge. Tatizo la Bukoba ni kwamba kesho inanyesha tena na tenki bado limejaa, kwahiyo tenki peke yake halitoshi, bomba la kumwagia ziada liingize kwenye shimo la mawe au kwenye migomba, sio barabarani. Na kama jirani yako wa juu ameelekeza lake kwenye ukuta wako, ongea naye sasa hivi jua likiwa linawaka, Aprili hamtaelewana.