Ugwe Unaobana Shingo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu la juma hili ni Wagalatia 6:9: "Tena tusichoke katika kutenda mema, maana tutavuna kwa wakati wake, tusipozimia roho."

Majuzi baada ya ibada, dada mmoja wa ushirika wetu alinionyesha daftari lake. Anaandika hadithi ya watoto kuhusu farasi mvumilivu, na amekwama nayo tangu mwaka juzi. Nyumbani ana watoto wadogo na mgonjwa wa kuuguza. Jioni ikifika, hana nguvu hata ya kushika kalamu. Akaniuliza kama kazi inayosuasua namna hii inaweza kweli kuwa imetoka kwa Bwana. Siku ile sikuwa na jibu. Nilipofika nyumbani nikamkumbuka Anna Sewell, mwanamke Mwingereza aliyeandika kitabu kuhusu farasi.

Anna alizaliwa mwaka 1820 mjini Great Yarmouth, mashariki mwa Uingereza, akalelewa katika Kanisa la Marafiki, kanisa ambalo ndugu zetu wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wanalijua vizuri. Alipokuwa na miaka 14, akitoka shule mvua inanyesha, aliteleza akaumia vifundo vya miguu. Hakupona sawasawa maisha yake yote. Tangu hapo, safari yoyote ya maana ilikuwa ni kwa kigari cha farasi. Ndiye aliyekuwa akimpeleka baba yake stesheni, na waliopanda naye walisimulia kwamba hatamu alizishika tu mkononi bila kuzivuta, akamwongoza farasi kwa kuzungumza naye. Aliyeshindwa kutembea alikuwa akibebwa kila siku na kiumbe asiyeweza kusema, na naamini hapo ndipo kitabu kilipoanza, miaka mingi kabla ya neno la kwanza kuandikwa.

Kile kitabu ni *Black Beauty*, maisha ya farasi mweusi yanayosimuliwa na farasi mwenyewe. Katika shajara yake, Novemba 1871, Anna aliandika kwamba anaandika maisha ya farasi, na hapo hapo akaongeza kwamba anatayarisha wanasesere na maboksi kwa ajili ya Krismasi. Kitabu kitakachosomwa dunia nzima, na wanasesere wa Krismasi, vyote katika sentensi moja! Baada ya hapo shajara inanyamaza kuhusu kitabu hicho. Mwaka unapita, wa pili, wa tatu. Anakitaja tena Desemba 1876: kazi inaendelea. Agosti 1877 anaandika kwa furaha kwamba kurasa za kwanza za majaribio zimefika kutoka kwa mpiga chapa na herufi zake ni nzuri.

Dada yangu, nimekaa sana juu ya ile miaka mitano ya kimya. Anna alikuwa mgonjwa, muda mwingi hatoki ndani, yuko kwenye kochi lake katika kijiji cha Old Catton karibu na Norwich. Siku alizojisikia nafuu aliandika kwa penseli kwenye vipande vya karatasi. Siku ambazo hata penseli ilikuwa nzito alitamka, na mama yake, Mary, mwenyewe mwandishi wa mashairi, akayaandika yale maneno na kunakili vile vipande kwa usafi. Hakungoja apone ndipo aanze. Angengoja, tusingekuwa na kitabu, maana hakupona.

Lakini kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme, maana hadithi nyingi za uvumilivu tunazowapa watoto wetu zinapotea hapo hapo. Tunawaambia: farasi alipigwa, akanyamaza, akavumilia, mwishowe akapata tuzo. Anna hakuandika hivyo. Enzi zake matajiri walipenda kuona farasi wa magari yao wameinua shingo juu kwa maringo. Basi ugwe mfupi ulifungwa toka lijamu mpaka kwenye tandiko, kichwa kisishuke. Mtazameni msukuma mkokoteni anapopanda kilima: kwanza anainama, autupe uzito wake wote mbele. Farasi naye ndivyo. Akizuiwa kuinamisha kichwa, mzigo wote unaangukia mgongo na miguu, pumzi inabana, povu linamtoka mdomoni. Na hayo yote ni kwa ajili ya urembo.

Katika kitabu, yule mweusi anajitahidi kuustahimili ugwe huo. Rafiki yake Ginger, farasi jike, anashindwa, anarusha mateke, na Anna hamlaumu hata kidogo. Anatusimulia kwanza jinsi alivyotendewa vibaya tangu akiwa mchanga. Baadaye, mjini London, mkokoteni unapita umebeba farasi aliyekufa, shingo imening'inia, na yule mweusi anahisi ni Ginger. Anaona afadhali awe ni Ginger kweli, ili mateso ya rafiki yake yawe yamekwisha. Watoto hulia wakifika hapo. Usiogope, dada, kuwaacha walie. Mithali 12:10 inasema mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake, na mtoto aliyemlilia farasi wa kwenye kitabu atamwona kwa macho mengine punda wa jirani aliyezidishiwa magunia.

Tena Anna hakuwalenga watoto hasa. Aliwaandikia wale waliozishika hatamu: watunza mazizi, madereva wa magari ya farasi. Ndiyo maana sura ni fupi na maneno ni mepesi. Akamweka humo Jerry Barker, dereva maskini wa London anayekataa kufanya kazi Jumapili, hata mteja wake bora anapomshurutisha, kwa sababu yeye, familia yake na farasi wake wote wanahitaji kupumzika. Humo ndimo ninamwona Paulo. Paulo hasemi tusichoke kuteswa, anasema tusichoke katika kutenda mema. Saburi ya Anna ilikuwa ni kazi. Kwa mwili uliochoka alifanya kazi ili mwingine aliyechoka afunguliwe ugwe shingoni. Nilipolisoma Neno hili tena kwa jicho hilo, nililia.

Kwa hiyo ukirudi kwenye daftari lako, usimfundishe yule farasi wako kunyamaza. Mtafutie mtu wa kumwinamia na kumtazama vidonda. Na ukipata mistari mitatu kwa juma, hiyo mitatu iandike. Mwenye kukusaidia kunakili akijitokeza, mpokee. Anna alimpokea mama yake. Mimi nipo Jumamosi mchana kama utataka kunisomea ulipofikia.

Kitabu kilitoka Novemba 1877, Anna ana miaka 57. Miezi mitano baadaye, Aprili 1878, Bwana akamwita. Siku ya maziko, farasi wa kuvuta gari la jeneza waliletwa mlangoni, shingo zimeinuliwa, kila mmoja amefungwa ule ugwe. Mama yake, mzee wa miaka 81, akawaona. Akazuia msafara usiondoke mpaka kila farasi afunguliwe. Wakafunguliwa, wakainamisha vichwa, wakampeleka Anna makaburini Lammas.